Singo Iliyobaki

Asalam aleikum nyote. Admin, jina langu lifiche, maana mdogo wangu naye yumo humu. Nina miaka ishirini na nne, naishi Mji wa Kale, Mombasa, na mwanangu wa miezi saba bado anyonya. Mimi na mdogo wangu sote tuna soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kutoka mabaka mekundu yenye magamba. Hauambukizi, lakini nani atasadiki?

Yeye alipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, sasa ngozi yake laini kabisa. Mimi daktari alinikatalia. "Hivi na kunyonyesha havipatani." Nikabaki na mafuta ya kupaka. Nampenda mdogo wangu, wallahi, lakini kila akivua buibui nikiiona ile mikono yake, namuonea kijicho mpaka nashindwa kula.

Mwezi uliopita kaolewa. Siku ya kusingwa, nikashika bakuli la singo, ule unga wa manukato wa kumsugulia bibi harusi ngozi ing'are, nimsugue mgongo, mimi dadake. Somo wake, yule mama aliyemfunda mambo ya ndoa, akaninyang'anya. "Weka chini, mwanangu, usije ukatuharibia bibi harusi." Wanawake wakacheka. Na mdogo wangu, ajuaye fika kuwa hauambukizi, akanyamaza kimya!

Walipotoka nikachukua singo iliyobaki, nikajifungia msalani, nikajisugua mikono na miguu mpaka damu. Nilitaka na mimi ning'are. Wiki mbili baadaye, kila nilipochubua pakaota baka jipya. Daktari akaniuliza, "Nani kakwambia huu ni uchafu wa kusugua?" Nikalia mbele yake. Akanipa njia mbili: nimwachishe mtoto ziwa kwanza, ndipo nianze vidonge; au niendelee kunyonyesha, niwe naenda hospitali kupigwa mwanga maalumu wa kutibu ngozi mara tatu kwa wiki, miezi kadhaa. Mume wangu asema nichague mwenyewe.

Jana mdogo wangu alikuja. "Dada, mwachishe tu, kuna maziwa ya kopo. Nataka upone kama mimi."

"Kama wanitakia mema, siku ile ulimezwa ulimi na nani?"

Akaondoka analia. Na mimi nikalia, nikamshika mwanangu nikamnyonyesha.

Nikitazama picha za harusi, navitaka vidonge leo hii. Nikimpakata mtoto, nasema nitasubiri. Mliopigwa huo mwanga, uliwasaidia? Na nyinyi kina mama, niambieni bila kunificha: nikimwachisha sasa, nitakuwa natafuta dawa, au nashindana na mdogo wangu?