Mrija Wangu Mwenyewe

Kanisani kwetu nimeombwa mara tatu nisimame niseme nilivyopona, na mara zote tatu nimesimama, nikasema, nikapigiwa makofi, nikaketi. Na mara zote tatu nimeruka sehemu moja. Leo naiandika hiyo sehemu, kwa sababu karatasi hainikodolei macho. Kama una haraka, nikwambie mapema uende zako: niliugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi sita, nikapona. Kama una nafasi, keti.

Naitwa Ekirapa, na mimi ni mwandishi. Nikisema hivyo pale Malaba watu hucheka, maana wao wananijua kama yule bwana wa kibanda cha kuchapa, karibu na foleni ya malori, anayewajazia madereva na akina mama wa biashara fomu za mpakani. Sawa, hiyo ndiyo kazi inayolisha watoto. Lakini nimeandika kitabu cha hadithi, kikachapishwa, jina langu liko juu ya jalada, na mke wangu Akisa amekiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Hadithi zile sikuzitoa kichwani. Nilizitoa kwa mjomba wangu, kaka yake mama, kule Moding. Sisi Wateso tunamwita mjomba mamai. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na mamai ndiye alinichukua, akanilea kama mtoto wake wa kumzaa. Ni mwongo mkubwa, na nasema hivyo kwa mapenzi. Kisa kimoja atakisimulia kwa njia tatu, na ukimkumbusha alivyosema juzi atakuuliza, "Kwani wewe ulikuwepo?"

Kila Jumamosi mchana wanaume wa jirani walikutana kwake, wanakizunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi. Inanywewa kwa mirija mirefu. Maji moto yanaongezwa, mrija unapita mkono kwa mkono, na mazungumzo yanapata moto. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia, hiyo ni heshima, na mimi naandika kwa mkono huohuo, kwa hivyo ilibidi nichague. Nilikunywa kidogo, nikaandika sana. Daftari langu lilikuwa gotini, na nilikaa ubavuni mwa mamai, kwa sababu meno yamemtoka na sauti yake imekuwa ya chini. Nilikuwa naandika kitabu cha pili, maisha yake yote kuanzia utoto wa kuchunga ng'ombe.

Kikohozi kilianza wakati wa kiangazi. Nikasema ni vumbi. Mtu anayeshinda na malori mia mbele ya pua yake akikohoa, atasema nini kingine? Nikanunua dawa ya maji ya kifua dukani. Ikaisha, nikanunua nyingine. Nikavuka mpaka nikanunua mizizi ya kuchemsha, chungu ajabu. Mvua ikaanza, vumbi likalala, kikohozi hakikulala.

"Baba Amoit," Akisa akaniambia, "sasa hilo vumbi liko wapi?"

"Ni baridi."

"Haya. Na hiyo suruali unaifunga kwa kamba, pia ni baridi?"

Nilikuwa nimekonda kweli. Jioni homa inapanda, na nikiamka asubuhi shuka limelowa jasho kama limetolewa kwenye beseni. Kifua kilinichoma upande wa kulia nikivuta pumzi ndefu, basi nikajifunza kuvuta fupi fupi. Chakula kilininukia vibaya. Kwenda hospitali nilikataa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimwona mtu akikonda hivyo zamani, na tulimzika.

Kwenye chungu nako waliona. Jumamosi moja nilipompa jirani mrija, akaufuta kwa shati lake kabla ya kuutia mdomoni. Niliumia, lakini nikaona ana haki, na nikaamua kuwa muungwana. Nikatafuta mrija wangu mwenyewe. Nikaushonea mfuko wa kitambaa, nikawa naenda nao na kurudi nao, simpi mtu, sipokei wa mtu. Kwetu kubeba mrija wako pekee ni kama kuwaambia watu huwaamini. Walinitania, wakaniita mzungu. Mimi nikavumilia. Moyoni nilijiona nimestaarabika sana: naumwa, lakini nawakinga wenzangu.

Mvua ilikuwa ya mawe mwaka ule. Tukawa tunakaa ndani ya nyumba ya mamai, mlango umefungwa, moto unawaka katikati wa kuchemshia maji. Nyumba haina dirisha. Nilimwinamia mamai sikio likikaribia mdomo wake, naandika, nakohoa, naandika. Jumamosi kumi na kitu hivi. Mrija wangu uko mkononi, safi.

Damu ilinitoka kibandani, mchana kweupe. Mama mmoja Mganda anayeuza vitenge alikuwa amesimama mbele yangu, namjazia fomu yake ya mzigo. Kikohozi kikanishika, nikaziba mdomo, nikachelewa. Matone matatu yakaanguka kwenye karatasi, mekundu, yakatambaa juu ya wino.

"Ssebo, bwana," akasema taratibu, "hiyo ni damu."

"Samahani mama, nitakuandikia nyingine."

"Wacha fomu. Bambi, maskini, wewe ni mgonjwa. Nenda hospitali."

Nikamwandikia nyingine. Nikaimaliza, nikagonga muhuri. Alinilipa, akanishika bega, akasema ataniombea, na hakuondoka mpaka aliponiona nimefunga mlango wa kibanda na kupanda pikipiki. Jina lake silijui mpaka leo. Mungu analijua.

Kituoni walinipa kikopo nitoe makohozi. Majibu yakatoka kesho yake. Muuguzi wa kliniki ya kifua, dada mmoja wa Marachi mwenye sauti ya pole na maswali yasiyoisha, akaniketisha karibu na dirisha.

"Ni TB, mzee wangu. Inatibika. Dawa ni bure, na utameza kila asubuhi miezi sita bila kuruka hata siku moja. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nililia, sifichi.

"Sasa niambie. Miezi hii yote umekuwa ukikaa na nani ndani ya chumba kimoja?"

Nikamtajia Akisa na watoto watatu. Akaandika. Akauliza kama kuna wengine, na mimi kwa kujitetea nikasema, "Kuna mahali tunakunywa kwa mirija, lakini mimi nina wangu. Sijaambukiza mtu."

Akaweka kalamu chini.

"Mrija sio shida, mzee. Hata kikombe sio shida. TB inapita kwa hewa. Ukikohoa, mwenzako anavuta. Mlikuwa mnakaa nje au ndani?"

Nikasema, "Nje."

Hapo ndipo huwa naruka kanisani. Nilisema nje. Neno dogo namna hiyo. Nilimwona mamai kichwani mwangu, na moshi, na mlango uliofungwa, na sikio langu kando ya mdomo wake, nikashindwa. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Dada akaniangalia, akaandika alichoambiwa.

Nikaanza dawa. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, mara ya kwanza nikadhani nakufa, kumbe walikuwa wameniambia. Viungo viliuma, tumbo lilichafuka, nikipanda kitanda ni kama nimepanda mlima. Watoto walipimwa, wazima wote, kitinda mimba akapewa dawa ya kinga. Akisa alinisimamia kila asubuhi na glasi ya maji, hanipi uji mpaka nimeonyesha ulimi. Moding nilituma neno kwamba nina taifodi.

Mwezi wa pili nilianza kula kama mwizi. Uzito ukarudi, homa ikaisha. Nikafungua daftari nikaanza kuandika tena, kurasa mbili kwa siku. Na kila jioni tukisali kama familia, niliomba kwa sauti, "Bwana, mlinde mamai. Mpe afya mamai." Nilikuwa na sababu. Habari zilikuwa zimenifikia kwamba mamai anakohoa na kwamba siku hizi hafiki hata zizini. Watu walisema ni uzee.

Jioni moja Akisa akafungua macho katikati ya sala. Yeye aliijua nyumba ile na mlango wake.

"Huyo mamai unayemlilia Mungu kila siku," akasema, "umemwambia ulikuwa unaumwa nini?"

Nikafumba macho, kama tuko bado kwenye sala.

"Basi usimtume Mungu kwa mtu ambaye wewe unajua njia ya kwake."

Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kliniki, nikamwambia yule dada, "Nilikudanganya. Tulikuwa ndani." Hakunigombeza. Alisema tu, "Twende lini?"

Tukaenda Jumamosi, yeye na mimi. Walikuwa ndani kama kawaida, kwa maana mawingu yalikuwa yametanda. Nikasimama mlangoni na barakoa usoni. Mamai alikuwa mahali pake. Shingo ilikuwa imebaki mishipa mitupu. Watu wakashangilia, "Ekirapa! Mzungu amerudi! Lete mrija wako!"

Nikasema, "Sikuwa na taifodi. Nilikuwa na TB, nikakaa humu nikiwakoholea, mlango umefungwa. Nimejua miezi miwili na sikuwaambia. Nisameheni, na mje mpimwe."

Mmoja mmoja wakaachia mirija. Yule jirani aliyefuta mrija kwa shati akasimama, akasema, "Kwa hivyo ulikuwa unatuua huku unatuandika." Akanipita akatoka. Alipimwa, akawa mzima, lakini hajanisalimia tena. Namsalimia mimi.

Mamai akanyoosha kidole kwenye mkono wangu mtupu.

"Na ule mrija wako," akauliza, "ulikuwa wa kazi gani?"

"Nilidhani nawakinga, mamai."

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka, mpaka kikohozi kikamshika na yule dada akamtoa nje akamkalisha penye upepo. Wanane walipimwa wiki ile. Saba walikuwa wazima. Mamai alikuwa nayo.

Daktari alipoiangalia picha ya kifua chake hakuzungusha maneno. Alisema mzee atapona, lakini pafu la kushoto limeharibika na halitarudi. "Angefika miezi miwili kabla," akasema, "lingekuwa afadhali." Miezi miwili. Hakujua anamwambia nani.

Nikaomba niwe msimamizi wake wa dawa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nilipanda pikipiki hadi Moding, nikampa vidonge, nikasubiri ameze. Alilalamika. Alisema vidonge ni vikubwa, alisema mkojo wake unatisha ng'ombe, siku moja akavificha shavuni kama mtoto, nikamngoja. Akishameza tulikaa nje kwenye jua, na yeye, kwa pumzi zake fupi, akanisimulia yaliyobaki. Sentensi moja, anapumzika. Nyingine, anapumzika. Kitabu cha pili nimekiandika hivyo. Kina sentensi fupi, na sasa mnajua kwa nini.

Wiki aliyopewa cheti cha kumaliza dawa, niliingia nikamkuta na nguo zimejaa udongo. Alikuwa amebomoa ukuta wa nyumba yake kwa jembe, akatoboa dirisha kubwa, limepinda upande mmoja. Alifanya mwenyewe, kwa pafu moja, siku nne. Nilikasirika nikataka kumgombeza. Akaniambia, "Nyamaza, uone mwanga."

Basi namshukuru Mungu aliyeniacha hai, na Akisa aliyefungua macho kwenye sala, na dada wa kliniki, na mama wa vitenge. Ukikohoa wiki mbili nenda upimwe, usilaumu vumbi. Ukipewa dawa zimalize, hata ukijisikia mzima. Ukiulizwa umekaa na nani, taja wote, na useme mlango ulikuwa umefungwa. Mimi nilichelewa kusema, na kuna mtu anayepanda kilima akisimama mara tano kwa ajili hiyo.

Jumamosi ya wiki ile ya dirisha watu walirudi kwa mamai, wachache. Dirisha liko wazi, mlango uko wazi. Nilikuwa nimemaliza dawa zangu zamani, ningeweza kunywa, lakini nilikaa karibu na mlango, mikono magotini. Mrija wangu nilikuwa nimeuchoma moto. Mamai akavuta mara moja, akautoa mrija mdomoni mwake ukiwa bado unadondosha pombe, akaunyoosha juu ya chungu mpaka ukanifikia.

"Shika," akasema.

Nikaupokea kwa mkono wa kulia. Sikuufuta.