Gogo Nyuma ya Mzembe

Katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita, miaka michache kabla ya Uhuru, kazi yangu ilikuwa kuchora kila kitu isipokuwa mtu. Gazeti dogo la kambi lilitoa katuni kila Jumamosi, visa vya mchimbaji mzembe anayesahau kofia, anayekalia baruti, anayepiga chafya hadi taa yake ikazimika. Mzembe huyo alichorwa na mwenzangu, kijana wa Tabora mwenye mkono mwepesi na maringo kidogo. Mimi nilichora vilivyokuwa nyuma yake: mwamba, ngazi, reli za vigari, na magogo yaliyoshikilia paa lisiporomoke.

Wachimbaji walizikagua picha zangu kwa ukali. Nikikosea kitu kidogo, walinisubiri nje ya ofisi.

"Dogo, ngazi ile ni ya kupandia kuku?"

Kwa hiyo kila wiki nilishuka shimoni na penseli hadi kwenye njia alikofanya kazi kaka yangu, nikachora upya nilichokiona. Mwenzangu alinicheka. "Ukuta ni uleule. Nakili wa juma lililopita, twende tukanywe chai." Lakini mimi nilipenda kushuka. Nilikuwa nimetoka sekondari na kiti cha ofisi kiliniwasha. Hata leo, nikiwa nimevuka arobaini na kuhama miji mingi, sijapata kiti cha kunituliza.

Chumba cha kaka kilikuwa na kuta za udongo zilizomwaga vumbi kitandani. Kama wengi kambini, alizibandika magazeti kwa uji wa muhogo. Katuni zetu alizipanga mstari mmoja juu ya kitanda chake, za zamani kushoto, mpya kulia. Jumapili moja nilimkuta amelala chali akizitazama, wala hacheki.

"Njoo ulale hapa," akasema. "Usimwangalie huyo mjinga. Angalia gogo lililo nyuma yake, lile lenye fundo."

Nikalala kando yake. Katika katuni ya kwanza gogo lilikuwa wima. Katika iliyofuata lilikuwa na tumbo kidogo. Tumbo likazidi kukua picha kwa picha, na katika ile ya mwisho lilikuwa limepinda kama mtu aliyebebeshwa gunia la pamba, na mbele yake mzembe anapiga chafya. Nilikuwa nimechora yote hayo kwa mkono wangu, kila wiki nikichora nilichokiona siku hiyo tu. Kaka alipita chini ya gogo hilo kila siku. Kule chini una mwanga wa taa yako basi, na kitu kinachokwenda polepole huwezi kukijua kama kinakwenda.

"Labda mkono wako ulitetemeka," akasema.

"Mkono ukitetemeka, hautetemeki kuelekea upande mmoja wiki zote hizo."

Alikuwa ameposa kwetu Mhunze, na wakwe aliwaahidi kwamba atarudi akiwa amemaliza mkataba wake, asirudi kama mtoro. Nilijua kesho yake atashuka, na alishuka.

Asubuhi hiyo nilimpangia katuni zote mezani karani wa ustawi, aliyesimamia gazeti. Alizitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atamwita mnyapara. Badala yake aliinuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine ameona?"

"Kaka yangu."

"Kuanzia leo hushuki tena. Mtanakili ile ya kwanza. Watu wanamwangalia mzembe, hawaangalii ukuta."

"Na gogo lenyewe, bwana?"

"Gogo si kazi ya gazeti."

Nikamfuata mnyapara wa njia ile. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Nimeshaambiwa utakuja," akaendelea kujaza kiko chake hadi nilipoondoka.

Jumamosi katuni ikatoka. Mimi nilikuwa nimekataa kunakili, kwa hiyo mwenzangu alinakili mwenyewe. Gogo lilikuwa limenyooka. Ubao wa matangazo ulikuwa karibu na jiko la kambi, na siku zote hapo palikuwa na kelele. Safari hii watu walisogea karibu, wakainamia karatasi.

"Naona limepata dawa," mmoja akasema.

"Kwa mganga gani?"

"Mganga wa kalamu."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha chini, na walitawanyika upesi. Ndipo nilipojua kwamba kaka hakuwa peke yake aliyelala chali.

Yeye alichukua nakala yake, akaibandika mwisho wa mstari, akailainisha kwa kiganja.

"Basi wakubwa wanajua," akasema.

Jumatatu, kabla ya jua kuchomoza, nilikuta kitanda chake kitupu na blanketi halipo. Nikakimbilia kwenye mdomo wa shimo, nikihofia ameshashuka. Mnyapara alikuwa anaita majina. Aliita la kaka, akaliita tena. Hakuna aliyeitika. Nilipumua; alikuwa ametoroka. Kisha mnyapara akamwonyesha kidole kijana aliyefika juzi tu kutoka upande wa Ushirombo, amekaa pembeni akisubiri nafasi.

"Wewe. Shika taa."

Kijana aliruka kwa furaha. Alipopita karibu nami alinitambua.

"Mwangaluka, bwana mchoraji! Yule mjinga wako amenivunja mbavu!"

Nikamshika mkono. "Kushoto, ukishamaliza ngazi, kuna gogo lenye fundo. Usisimame chini yake hata kidogo. Limepinda."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Lile la kwenye picha? Si limenyooka?"

"Twende!" mnyapara akapaza sauti, na kijana akashuka.

Jioni alitoka. Siku iliyofuata alitoka pia, na nilimwambia tena, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama unavyomwitikia mtu mwenye homa. Mwisho wa juma niliacha kazi. Siku niliyopanda lori la kwenda Shinyanga alikuwa kwenye mstari pale shimoni, anagombania taa nzuri na mwenzake.