Mahali pa Mzee Bakili

Nikipita Mtaa wa Sikukuu siku hizi napotea kama mgeni. Magorofa yamebanana, kila mlango simu, kila dirisha simu, na vijana wananiita "karibu mama" mpaka nachoka kukaribishwa. Sisi tulikuwa na nyumba za chini zenye baraza, na katika moja ya nyumba hizo tulishona nguo. Mimi nilikaa kona ya vifungo. Naikumbuka harufu ya pasi ya mkaa na kitambaa kipya, na zaidi namkumbuka da Waridi, ambaye nilimwona kwa macho yangu akijifunza kuongoza watu, tena kwa taabu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, marobota ya mitumba yakamwagwa Kariakoo nzima, na watu wakaacha kushonesha. Tajiri wetu, Bi Shobhana, mjane wa Kihindi aliyezaliwa mtaa wa pili tu kutoka pale, aliona pona yetu ni sare za shule, maana kwenye mitumba sare hazipatikani. Akamteua da Waridi awe msimamizi. Hakuna aliyeshangaa. Waridi alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Alianza kwa kupangua kila kitu. Alikuwa ametembelea kiwanda kimoja, akaona mafundi wamekaa mstari mmoja, huyu anashona kola, yule mikono, yule mifuko. Akaturudia na mstari wake kichwani. Cherehani zote zikaingia ndani, hata ya Mzee Bakili, iliyokuwa barazani tangu mimi sijaolewa. Ikabebwa, ikawekwa chini ya feni. Kwa haki ya Mungu, Waridi alidhani anamtunza. Mzee alikuwa akipigwa na jua na vumbi kutwa, na ndiye aliyemfundisha Waridi kazi tangu kutia uzi kwenye sindano. Mzee akasema, "Haya, mwanangu," akakaa.

Lakini fundi wa barazani hakuwa wa kushona tu. Ndiye aliyeamkiwa na mtaa mzima, aliyeachiwa funguo, aliyeulizwa fulani amehamia wapi. Ndani alitazamana na ukuta na kushona kola, kola tupu, asubuhi hadi jioni. Kola zikaanza kupinda. Waridi akafoka, maana kufoka ndiko alikokujua. Mzee akafumua, akarudia. Ijumaa moja aliporudi msikitini akaniambia mwisho wa mwezi anaondoka, atashona chumbani kwake Buguruni.

Nilipomfikishia Waridi habari hiyo alisema mzee anadeka tu. Macho yake lakini yalikuwa mekundu. Mtu aliyemfundisha kazi anaondoka kwa sababu yake, na hakujua amemkosea nini. Nilimwonea huruma, ingawa alikuwa amenikera wiki nzima.

Bi Shobhana alikuwa na tabia yake. Kila asubuhi kabla hatujafungua alikunywa chai ya tangawizi na Waridi, na hakumwambia fanya hili, acha lile, alimuuliza tu. Mimi niliona ni uvivu wa kitajiri. Asubuhi iliyofuata Waridi alimwomba amzuie mzee asiondoke. Bi Shobhana akataka kujua mzee alisema nini alipohamishwa. Waridi akajibu alisema haya tu, basi.

"Ulimuuliza?"

Waridi akaitazama chai yake.

"Leo nitamtuma akachague nyuzi," Bi Shobhana akasema. "Wewe kaa kwenye kiti chake, shona kola mpaka arudi."

Waridi alikaa akinung'unika, nami nikicheka chini kwa chini, sitaficha. Muda si muda akaanza kugeuza shingo kila viatu vilipopita nje. Mbele yake ukuta, pembeni migongo ya watu. Karibu na adhuhuri akaja mama mmoja wa Ilala, kitenge mkononi. Akasimama mlangoni, akapatazama pale ilipokuwa cherehani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule mzee wa hapa nje mlimzika wapi? Sikupata habari."

Nikamwambia mzee yu hai, ametumwa nyuzi. Mama yule akamshukuru Mungu akaketi kumsubiri. Waridi aliacha kola chini ya sindano, akatoka nje.

Mzee aliporudi alimkuta amesimama barazani. "Shikamoo, fundi," Waridi akasema. Hakuwa amemwita fundi tangu apewe usimamizi. Akamweleza alichouliza yule mama. Mzee akajibu kwa upole kwamba hata Buguruni wameshafika watu kumpa mkewe pole, na mlango aliwafungulia yeye mwenyewe, huyo marehemu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Waridi akasema cherehani inarudi nje sasa hivi, akageuka kuwaita wa kuibeba.

"Waridi," mzee akasema. "Unaamua tena. Ungeniuliza siku ile, hata ndani ningekaa. Kwani mimi sijui kama jua linaniumiza?"

Waridi akalia. Mbele yetu, mbele ya wapita njia, msimamizi mzima. Alipojifuta uso alisema, "Nakuuliza sasa, baba. Unataka kukaa wapi?"

Miaka yote ile ya kushona hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza mzee neno kama hilo. Mzee aliweka chini mfuko wa nyuzi, akaitazama barabara, akamtazama mteja wake, akaitazama feni.

"Asubuhi nje," akasema. "Jua likipanda, nitaingia mwenyewe."

"Na Buguruni?"

"Buguruni nitaenda kulala."