Huyu Mama Noma

Nyumbani kwetu kulikuwa na wifi za aina mbili. Ya kwanza ilikatika kila mvua ikinyesha. Ya pili, dada mkubwa wa mume wangu, haikuwahi kukatika.

Wifi alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka kilipofungwa. Hata maandishi ya pakiti ya sabuni aliyasoma na kalamu mkononi, na mimi alinisahihisha hata salamu. Lakini mume wangu alipoanza kutengeneza gemu alimhitaji. Mume wangu ni fundi wa kompyuta mwenye moyo mwepesi. Mtu mmoja akimponda mtandaoni, analala na viatu na kazi inasimama. Basi wifi akakabidhiwa ukurasa wa gemu. Anawauliza wachezaji, anasoma maoni yao, kisha anamwambia mdogo wake yale ya kurekebisha tu.

Gemu yenyewe ni ya kusukuma mkokoteni wa mizigo mjini bila kumwaga. Ukimwaga, mama mmoja anakufokea: "Umemwaga tena? Okota, na usinitolee macho!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu. Tulimrekodi jikoni, akicheka katikati, na haukupita muda akafariki. Simu iliyomrekodi nayo ilishakufa. Sauti yake ilibaki ndani ya gemu tu, na gemu ya majaribio ilichezwa mtandaoni, kwa hiyo hakuna mchezaji aliyekuwa na nakala.

Wifi akaandika ukurasani: "Sauti ya mama mnaionaje?" Majibu yakamiminika. Huyu mama noma. Mama noma sana. Duh, noma!

Kwa wifi, noma ni aibu, ni balaa. Ndivyo walivyosema alipokuwa msichana. Nilimkuta macho yamevimba, nikamuuliza kulikoni.

"Vumbi," akasema, na simu akaificha mgongoni.

Jioni alimwambia mume wangu, "Mtoe mama."

"Hawampendi?"

"Wanamtukana. Siwezi kukaa hapa nasoma watoto wa watu wakimtukana mama yangu. Mtoe apumzike."

Mume wangu hakuomba kuona. Akaweka sauti ya binti wa kulipwa, na faili za mama akazifuta zote, maana hakutaka kukutana nazo siku moja akiwa peke yake.

Gemu mpya ilipotoka, ukurasa uliwaka moto. Mama yuko wapi? Mrudisheni mama! Kwa mara ya kwanza wifi aliniletea simu nisome.

"Si wao waliomwita noma? Sasa wanamtaka wa nini?"

"Wifi, siku hizi noma ni sifa. Walikuwa wanampenda."

Akakaa chini pale pale, sakafuni. Nilikuwa na hasira naye, nisiseme uongo. Mtu aliyekosoa kila neno langu ameshindwa kuuliza maana ya neno moja! Nikamtazama, nikaketi kando yake.

Mume wangu alipekua kompyuta siku nzima. Hakupata hata kile kicheko.

Watu bado wanauliza. Nilimshauri wifi aiache kazi ile, akakataa.

"Anayeuliziwa ni mama. Atajibu mtoto wake."

Kila anayeuliza, wifi anamwandikia: Asante kwa maoni yako. Mama hatarudi. Juzi mchezaji mmoja akambembeleza: Jamani, tumsikie hata mara moja tu. Wifi alilisoma ombi hilo, akalirudia, kisha akaninyooshea simu.

"Hili lijibu wewe," akasema.