Jumbe Salumu na Kamba ya Kupimia

Nakumbuka mwaka mmoja, mwanangu, enzi za Mwingereza, mto ulikuwa umerudi nyuma baada ya mafuriko na kutuachia bonde la matope meusi hapa Mkongo. Mipaka ya mashamba ya mpunga ilikuwa imefutika yote. Kwa desturi tuliipima upya kwa kamba, mbele ya watu wote, na makelele yake. Mwaka ule jumbe wetu, mkuu wa kijiji, Salumu, akasema tumwachie yeye peke yake, tupumzike na ugomvi.

Tulikubali haraka. Salumu alikuwa mtu mwema, hakosi mazikoni, wageni wakila kwake. Aliyesimama kumpinga ni dada yake mkubwa, Bi Mwajuma.

"Msimpe," akasema.

"Dada, huniamini mimi?"

"Nimekulea mgongoni, Salumu. Nakupenda, na nakujua. Hata mimi nikipewa kamba hiyo nitaanza na wanangu. Nyani wa hapo bondeni, mkubwa wao hula kwanza. Sisi tumewazidi nini, ila kujua kuficha?"

Tukamcheka, tukampa Salumu kamba.

Msimu ule wana wa Salumu walipata matope mazuri, baba yangu akapata mchanga mtupu. Alipolalamika, jumbe alimshtaki kwa bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kuwa ni mchochezi, baba akafungwa. Nyumbani tukala ming'oko, mizizi ya kuchimba porini.

Baba alipotoka, watu kwa kuona haya wakamnyang'anya Salumu kamba, wakampa yeye. Sasa sikiliza. Tulipofika kwenye kipande chetu, nilimwona baba akichomeka kijiti cha mpaka mbele kabisa ya ncha ya kamba. Baba yangu huyo huyo, ametoka jela juzi!

"Rudisha!" Bi Mwajuma akapaza sauti.

Bonde zima likaitikia, "Rudisha kijiti!"

Akakirudisha, hakumtazama mtu.

Mwanangu, wengine watakwambia watu wapewe uhuru kwa kuwa ni wema. Mimi nakuusia uhuru kwa sababu nawajua watu, nami nikiwamo. Atakayekuomba madaraka yasiyo na wa kuyahoji, mkatalie, hata kama amekuzikia wazazi, hata nikiwa mimi. Na ilinde haki ya mnyonge kumwambia mkubwa "rudisha", kisha akalale kwake salama.

Mungu akujaalie majirani wasiokuogopa, na akupe moyo wa kuwasikia wakikupigia kelele. Amina.