Kitambaa cha Juu ya Kompyuta

Kiwanda kilipouzwa na sisi makarani tukapunguzwa, nilinunua kompyuta kuukuu ya mtumba, nikaanza kuchapia watu barua sebuleni kwangu Mwembesongo. Jamani, ile mashine ilinichosha! Asubuhi inawaka vizuri, ikifika saa tano inazima, na kazi ya mteja inapotea yote. Nikabadilisha waya, nikabadilisha fyuzi. Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikasugua vyuma vyake kwa kifutio cha penseli. Wapi! Nikaipeleka kwa fundi kule Msamvu, ikashinda inawaka kutwa nzima. Nikairudisha nyumbani, ikazima.

Wakati huo nilikuwa nimemteremsha mama kutoka mlimani, baada ya baba kufariki. Sikutaka aishi peke yake kule juu, na miguu yake ile. Lakini kila siku wimbo ulikuwa uleule, anataka kurudi. "Mgeni siku mbili, mwanangu, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa nalima nini?" Kilichomtuliza ni kufuma vitambaa. Alifuma vya makochi, akafuma cha redio, akafuma na cha kompyuta. Nikamshukuru Mungu, angalau ameanza kuzoea.

Mwishowe fundi akaja mwenyewe. Akamwamkia mama shikamoo, akainua kile kitambaa kizito kilichoshuka mpaka nyuma ya mashine, akagusa matundu ya kutolea joto. Akaondoa mkono haraka.

"Dada, hii haipumui. Nani anaifunika ikiwa inawaka?"

"Mimi," nikasema upesi.

"Usimdanganye kijana wa watu," mama akasema kutoka kwenye kochi. "Ni mimi. Kitu cha thamani kikae uchi mbele ya wageni?"

Fundi akacheka kidogo, akakikunja, akampa. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia atafuma kingine, cha meza.

"Meza ina viwili tayari," akasema.

Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Mama akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

"Alhamdulillah. Basi kesho unisindikize, nirudi kwangu."

Nikambembeleza mpaka nikachoka. Akaingia chumbani kufunga nguo zake. Mteja alikuwa anasubiri barazani, kwa hiyo nikaendelea kuchapa huku machozi yananitoka, nikiiombea ile mashine izime, izime hata dakika moja tu. Mshenzi yule, hakuzima.