Theluji ya Makanya

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma Ulaya hawafiki Ulaya. Wanafika Makanya, hapahapa wilayani Same. Pale kwenye machimbo ya jasi ardhi ni nyeupe hadi macho yanauma. Mtu akivaa koti zito la mitumba, akasimama mbele ya lundo na kukunja mabega kama anayetetemeka, tayari ana picha ya theluji ya kumtumia mama yake Ugweno. Mwenzangu wa dawati katika masomo ya jioni pale Same ndiye aliyenifungua macho, nami nikayafungua ya nusu ya wilaya.

Si kwamba sikuwa na ushahidi. Kila picha ya theluji niliikuza kwenye simu mpaka ikawa ukungu mtupu, nikitafuta lori la jasi kwa nyuma. Siku moja niliona kitu kama tairi. Wiki nzima chakula hakikupita.

Basi mdogo wangu wa kike akapata nafasi ya chuo Poland, na ada analipiwa. Baba hayupo duniani, kwa hiyo mama, anayeuza sokoni tangawizi ya kutoka Mamba kule milimani, akamwambia neno moja: "Kaka yako asipokubali, huendi." Tangu hapo mdogo wangu akawa ananiletea chai kali kiasi cha kung'oa misumari, na hanitazami usoni.

Nikaanza uchunguzi. Kwanza kijana wa jirani, aliyesoma India. Huyo nilimwamini palepale, maana alirudi amekonda na analalamika bila kupumua: joto la kuyeyusha kandambili, chumba kimoja watu wanne, pilipili ya kumtoa mtu machozi ya mwaka mzima. Hakuwa na picha hata moja nzuri. Nikasema, huyu alifika.

Kisha akaja nyumbani kutusalimia binti mmoja wa Mwanga, aliye likizo kutoka Poland kulekule. Huyu alinitia wasiwasi tangu mlangoni. Amenawiri!

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kule jua linazama saa ngapi?"

"Wakati wa baridi? Saa tisa na nusu mchana giza linaanza."

Nikamkonyeza mama. Jua gani hilo la kufanya kazi nusu siku?

"Na majirani?"

"Mnakaa ukuta kwa ukuta mwaka mzima, hata sauti zao huzijui. Mwanzoni nilikuwa najisalimia mwenyewe kwenye kioo."

"Makande je?"

"Mahindi yao ya kopo, kaka, matamu kama biskuti. Nilipika, nikalia."

Majibu yalikuja haraka mno, kama ya mtu aliyefundishwa. Yule wa India alikuwa anafikiri kwanza, anajikuna, ndipo anajibu. Nikaomba picha. Akanipa simu: yeye, koti, na weupe mpaka mwisho wa macho. Viatu vyeupe hadi vifundoni, kama vya wapakiaji wa jasi! Moyo ulinidunda, nadhani hadi Moshi waliusikia.

"Wewe," mama akasema, "unamhoji mgeni kama mwizi wa kuku. Una la kuuliza, uliza. Mdogo wako anatakiwa awajibu chuo leo."

Mdogo wangu alikuwa amesimama na sufuria mkononi, hajui aitue wapi. Nikayamwaga yote: machimbo, koti la mitumba, tairi.

Binti hakucheka wala hakushtuka. Alichukua simu yake, akanijibu polepole, kama anavyoelekezwa mtu njia ya kwenda stendi.

"Ile ni theluji, kaka. Nilipiga picha nje ya bweni letu. Makanya napita na basi tu nikienda Dar, sijawahi kushuka. Mkubalie mdogo wako aende, tutakuwa wote kulekule."

Nikamwambia mdogo wangu aitue sufuria, awajibu chuo.